Alama Sita za Kuuliza

Tarehe 3 Machi

Wewe mtoto,

Hivi miguu imekukatika? Mwaka mmoja na miezi miwili hujakanyaga hapa! Mbuzi wangu alipopotea alirudi siku ya tatu, naye hana akili wala tiketi ya basi. Unamtuma dereva aniletee sukari na dawa ya magoti, unadhani nilimlea dereva? Nataka uso wako. Fundi anasema nianze kwa salamu. Salamu utazikuta hapa mlangoni siku ukija.

Anayeandika ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, kama kawaida. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni kichwani.

Sasa sikiliza, mke mwenzangu. Redio imesema hospitali hiyo yenu kubwa, unakochunga kompyuta, inataka kujenga wodi mpya pale nyuma, kwenye makaburi ya watoto wachanga. Mwenye mtoto pale aende na namba ya kaburi kabla mwezi wa tano haujaisha, akabidhiwe mabaki akazike kwake. Wasio na mtu watatiwa shimo moja, kama takataka za sokoni.

Mjomba wako yuko pale. Nilikusimulia siku ile ulipokuwa unanisuka. Aliishi siku tisa. Alipokufa nilikuwa na homa, sijui mchana wala usiku. Babu yako alikwenda kumzika na watu wa hospitali, wakampa karatasi yenye namba, na karatasi babu yako akaipoteza. Lakini jina langu liliandikwa kwenye daftari lao, na daftari siku hizi liko ndani ya hizo mashine zako. Fungua uniletee namba ya mwanangu. Nataka alale hapa nyuma ya nyumba, nami nilazwe pembeni yake, na magoti haya yananiambia nisichelewe.

Bibi yako,
kwa mkono wa fundi


Tarehe 11 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nisamehe kwa kimya, kazi zimenizidi, mwenzangu mmoja ameacha kazi na mimi nabeba za watu wawili.

Kuhusu mjomba, orodha ni ndefu, na maombi yote yanapitia dirisha la kumbukumbu. Mimi natunza mashine tu, Bibi, si ruhusa yangu kuchungulia majina. Halafu mambo ya zamani hayakuandikwa vizuri sana. Una hakika ilikuwa hospitali hii? Una hakika na tarehe? Usije ukajipa matumaini makubwa ukaumia.

Dawa ya magoti unapaka asubuhi na jioni? Nitakuja. Mwezi huu sitaweza.

Mjukuu wako


Tarehe 16 Machi

Mke mwenzangu,

Nina hakika kama ni hospitali hiyo? Unaniuliza mimi nilikozalia? Fundi aliposoma hapo alikohoa, akadhani nitampiga yeye.

Tarehe ninayo. Mjomba wako alizaliwa siku lilipofunguliwa daraja. Tulikwama na kitanda cha kubebea mgonjwa huku wakubwa wanakata utepe, na mimi napiga kelele kuliko hiyo bendi yao. Kuna jiwe pale darajani lina tarehe na mwaka. Fundi amepanda baiskeli, amekwenda kuisoma, amerudi na suruali imechanika, fundi mzima. Kikaratasi hiki hapa. Hesabu siku tisa kutoka hapo, ndipo alipokufa, akazikwa siku hiyo hiyo jioni.

Sasa huna kisingizio. Wewe si wa kuniogopea matumaini. Nimezika mume, nimezika mama yako, matumaini hayajaniua.

Kuna kitu unanificha. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unafagia uwanja mzima bila kuambiwa. Barua yako imefagia sana.

Bibi yako,
kwa mkono wa fundi


Tarehe 24 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimempata. Kaburi namba 204. Tarehe ni ile ile uliyosema, na siku tisa zimeandikwa.

Fomu nitajaza mimi mwenyewe. Wewe tulia nyumbani.

Mjukuu wako


Tarehe 28 Machi

Mtoto wa mtoto wangu,

Mungu akupe hata ulichoona haya kumwomba! Fundi aliposoma mia mbili na nne nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Mara ya nne akaniambia, "Bibi, namba haibadiliki." Nikamwambia, "Ndiyo raha yake hiyo, mjinga wewe, soma."

Nimelala usingizi ambao sijalala tangu mama yako aondoke. Nimeshaonyesha pa kuchimba. Fundi amekata sanda, kitambaa cheupe laini, amekataa hata asante yangu. Kadogo! Ukikatandaza mezani utadhani ni leso ya mkononi.

Sasa nina ombi, na hili si langu. Kitanda cha pili kulikuwa na mwanamke. Tulijifungua usiku mmoja, watoto wetu wakashikwa na homa moja, wakafa siku moja, saa chache tu kati yao. Homa yangu ilipopungua tukawa tunalia kwa zamu. Mmoja akisinzia mwingine anashika kilio, ili watoto wasikae bila mtu wa kuwalilia. Sijui kama yuko hai. Hakuwa na mtu wa kompyuta kwao. Mtafutie na mwanawe. Kama wewe umempata wangu, wake atakuwa mstari wa chini au wa juu tu. Mwandikie namba, mtangazie redioni, fanya utakavyo.

Bibi yako mwenye furaha,
kwa mkono wa fundi, ambaye naye alilia lakini anakana


Tarehe 9 Aprili

Bibi,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne. Fundi, nakuomba umsomee polepole, na usiruke kitu.

204 nilibahatisha. Tarehe ile kuna mistari miwili, 204 na 205. Siku tisa huku, siku tisa kule. Wewe na mwenzako wa kitanda cha pili. Sijui yupi ni wa nani, na hakuna anayejua tena, na aliyefanya isijulikane ni mimi.

Miaka ile karani wa makaburi alikuwa mzee aliyeandika kwa herufi zinazoanzia kulia, zile walizosomea watu wa umri wake. Waliomfuata wakaandika kwa hizi ninazokuandikia. Baadaye madaftari yote yaliingizwa kwenye kompyuta, kila jina kwa herufi zake, bila kasoro. Halafu tukaletewa mashine mpya, nikapewa mimi kazi ya kuhamisha.

Ndani ya mashine hakuna herufi, Bibi, kuna namba tu. Jedwali ndilo linalosema namba hii ni herufi ipi. Kuna majedwali yenye herufi za watu wote duniani, na kuna mengine madogo yenye za watu wachache. Sasa kuna faili dogo la mipangilio, maandishi matupu, ambalo mashine hulisoma kila inapowashwa ili ijue namna ya kufanya kazi. Ndani yake mstari mmoja unasema: tumia jedwali fulani. Mashine yetu ilikuja na mstari umetaja jedwali dogo. Nilipaswa kubadili neno moja. Sikufungua hata faili lenyewe.

Mashine ikikuta herufi isiyokuwemo kwenye jedwali lake haipigi kelele. Haisimami. Inaweka alama ya kuuliza mahali pa herufi, inaendelea. Iliendelea hivyo kwa majina mia tatu na kumi na mawili. La kwako ni alama sita za kuuliza. La mwenzako sita pia, nilihesabu nikitumaini zitatofautiana.

Kabla ya kusaini nilijaribu majina ishirini. Yote niliyatoa ukurasa wa mwisho ulioandikwa, wa juzi juzi, kwa herufi hizi hizi. Yalitoka safi, nikasaini kwamba uhamisho umekamilika. Kwa saini yangu mashine ya zamani ikafutwa, na madaftari yaliyokuwa yameoza kwa unyevu yakapelekwa kusagwa. Mstari nimeshaubadili. Leo nikiliandika jina lako kwa herufi zile linakaa vizuri kabisa. Lakini alama ya kuuliza ikishaandikwa haikumbuki ilikuwa herufi gani.

Niligundua mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya barua yako ya kwanza. Sikumwambia mtu.

Jumatatu alikuja bibi mmoja dirishani, ameshikwa mkono na binti yake, haoni vizuri. Akataja tarehe yako. Karani akamwambia, "Mama, jina lako halimo." Akasema, "Nilikuwemo, mwanangu, tazama tena." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya karani, nashika waya.

Nilitaka kuandika jina lako kwenye 204, wewe usijue kamwe. Ningekuwa nimemtupa mwanawe shimoni.

Mjukuu wako


Tarehe 14 Aprili

Kwako binti,

Naandika kwa kichwa changu leo, bibi yako hajui. Nilimsomea barua yako polepole kama ulivyoomba. Aliniambia nimwachie karatasi. Hajui kusoma lakini anaiweka mapajani, anapitisha kidole kwenye mistari. Siku ya tano sasa hajamtukana mtu yeyote, na mtaa mzima una wasiwasi.

Sanda ameikunja, ameirudisha kwangu.

Usije kwanza. Ngoja.

Fundi


Tarehe 20 Aprili

Wewe,

Andika, fundi, usinitazame.

Nilikasirika. Bado nimekasirika, kwa hiyo usidhani barua hii ni ya kukubembeleza.

Hilo la jedwali fundi amenieleza kwa tepu yake. Upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Ukisoma upande usio wake unakata suruali ya mtu mzima imfae mtoto, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nimeelewa. Kosa hilo nilikusamehe kabla fundi hajakunja tepu. Nani hajakata vibaya?

Lakini 204! Ulinichezea mimi, niliyekutoa funza miguuni. Nimefurahi karibu wiki mbili kwa kitu ulichookota hewani. Umenifanya kama kipofu anayeambiwa taa imewaka.

Sasa na mimi nina langu. Babu yako hakupoteza karatasi ile. Aliitia mfuko wa shati. Shati nililifua mimi, siku niliyorudi kutoka hospitali, nilitaka mikono yangu ifanye kazi yoyote. Nilipolikamua, karatasi ikatoka mfukoni kama uji. Nikamwambia kila mtu kwamba mume wangu ameipoteza. Akaitwa mzembe na mama yangu mbele ya wageni, akanyamaza. Miaka arobaini na mitatu nimemsingizia yule mwanaume, akaenda kaburini hajanijibu. Mama yako hakulijua hili. Umelijua wewe na fundi, na fundi akifungua mdomo nitamshona.

Kwa hiyo machozi yako ya kwamba wewe ni mtu mbaya usiniletee, hapa hayana mnunuzi. Wewe unanililia mimi mmoja. Umesema mia tatu na ngapi? Kumi na mawili. Kila moja lina mwanamke aliyevuja maziwa hana wa kumnyonyesha. Wanakuja dirishani wanaambiwa hamkuwemo, wanarudi nyumbani wakidhani wamechanganyikiwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si wewe.

Ukisoma barua hii, nyanyuka. Nenda kwa mkubwa wako umweleze mwanzo mpaka mwisho. Halafu mtafute yule asiyeona.

Bibi yako,
kwa mkono wa fundi


Tarehe 29 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nilinyanyuka.

Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Bibi yangu na fundi wake."

"Fundi wa kompyuta?"

"Wa nguo."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Nimesimamishwa kazi, lakini mpaka mwezi wa tano uishe nimeamriwa nikae dirishani, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuzisoma orodha zile. Redio itatangaza kuanzia kesho: wenye watoto wa miaka ile waje na tarehe na umri wa mtoto. Makaburi yanayodaiwa na watu zaidi ya mmoja, ni mpaka wakubaliane na kuweka dole gumba wote. Wasipokubaliana, shimoni.

Wanakuja. Wengine wananitazama tu. Mmoja alinishika mkono akasema asante, na hiyo ndiyo iliyonivunja zaidi. Mwingine aliniuliza kama kompyuta ilimchukia.

Nimempata mwenzako. Anaishi chumba kimoja na binti yake, juu ya duka la rangi, ngazi kumi na saba anazipanda kwa kuhesabu. Nilipomweleza wewe ni nani, akaniuliza, "Yule aliyekuwa anakoroma?"

Nikasema sijui kama wakati ule ulikuwa unakoroma.

"Alikuwa anakoroma ikiwa zamu yake ya kulia. Ikabidi nilie zamu mbili."

Tukacheka, halafu hakucheka tena. Nikamweleza habari ya mistari miwili. Kisha akasema, "Mwambie achague yeye kwanza. Mimi nitapokea atakayebaki. Ila sina pa kumweka, ardhi sina. Labda huko shimoni kuna wenzake."

Nimjibu nini?

Mjukuu wako


Tarehe 5 Mei

Mke mwenzangu,

Nakoroma mimi! Mwambie mwongo mkubwa huyo. Mwambie nilikuwa napumua kwa huzuni.

Nichague? Mtu anachagua nyanya. Hata nikichagua, nitakaa hapa kibarazani kila jioni nikiuliza udongo, wewe ni wangu au ni wa mwenzangu? Na yeye huko juu ya duka la rangi akiuliza hivyo hivyo. Hapana. Hakuna atakayebaki. Waje wote wawili hapa, ardhi ninayo, ya kulaza watoto wawili haijanishinda. Na yeye aje pamoja nao, akae anavyotaka kukaa. Choo kiko karibu na sina ngazi.

Dole gumba langu hilo hapo chini. Fundi amenipaka wino wa kuchorea vitambaa, sasa hautoki, naonekana nimeiba kitu.

Nimemrudishia fundi kazi yake. Anashona sanda ya pili, sawa na ya kwanza. Nimemwambia akizikosea hata kwa uzi mmoja, moja ikawa nzuri kuliko nyingine, atazifumua zote.

Bibi yako,
kwa dole lake mwenyewe na mkono wa fundi


Tarehe 30 Mei

Bibi,

Shikamoo. Gari la hospitali litaondoka alfajiri na masanduku mawili, na mwenzako wa kilio atakaa mbele na dereva. Nilishika masanduku mwenyewe kuyaweka kwenye gari. Hayana uzito, Bibi. Ni udongo na vitu vidogo. Nilidhani wamesahau kutia.

Mimi siji nao. Kesho ni siku ya mwisho ya dirisha. Mpaka leo jioni wamekuja wa makaburi sitini na manane. Yamebaki mia mbili arobaini na manne, na katapila limeshaegeshwa uani. Labda kesho atakuja mmoja, na akija asimkute karani anamwambia hukuwemo.

Mjukuu wako


Tarehe 7 Juni

Mjukuu wangu,

Tumewazika. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, udongo ukawa mzito. Fundi aliingia kaburini kupokea, magoti yangu yalikataa. Mwenzangu aliomba ashike sanda zote mbili kabla hazijafunikwa. Akazipapasa mshono kwa mshono, huku na huku, akatafuta tofauti. Nikaona vidole vyake vinatafuta. Mwisho akasema, "Fundi ameweza." Akanirudishia zote.

Usiku ule hatukulia kwa zamu. Tulilia pamoja, tukalala pamoja, na ndiyo, anasema nimekoroma.

Yupo bado. Anasema atarudi kwa binti yake wiki ijayo, lakini wiki ijayo aliisema na wiki iliyopita. Amezoea njia ya kutoka mlangoni mpaka kwa watoto wetu, hatua ishirini na mbili. Anakwenda peke yake asubuhi, na mimi naacha apite kwanza.

Redio imesema shimo limefunikwa. Haikusema wangapi. Najua wewe unajua idadi. Sitakuambia isikuume, ikuume, maana mia mbili na zaidi hawakupata hata kitambaa. Lakini kwamba ulikaa dirishani mpaka likafungwa, hilo nimelisikia kwa yule dereva wako wa sukari, nikamsimulia mwenzangu naye akalisikia.

Kama kazi wamekunyang'anya, njoo. Chumba cha mama yako nimekifagia. Fundi anasema anataka mtu wa kumsomea vipimo, macho yake yanaanza kumsaliti, ila kwanza akufundishe pande zote mbili za tepu.

Sasa sikiliza, hili ndilo la kushika. Ukija, usiingie ndani kwanza. Zunguka nyuma ya nyumba, utaona vilima viwili vya udongo. Usiniulize yupi ni mjomba wako. Na mwenzangu usimuulize. Kati yao nimeacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Vua viatu, ukae hapo.

Bibi yako,
kwa mkono wa fundi